Kesho ya Binadamu Ionyeshwe Illasit



Mada yetu leo ni maonyesho. Maonyesho ya kilimo tunayajua sote, yale ya mafahali na matrekta. Ninayotaka tuyazungumze ni ya aina nyingine. Humo mtu hasimami mbele ya kabati la kioo, akasoma kibandiko na kwenda zake. Anaingia ndani mzima mzima: sauti inamzunguka, mwanga unabadilika kadiri anavyopiga hatua, pua inapata harufu, na mikono inapewa kazi. Na jambo linaloonyeshwa humo linatuhusu sote, nalo ni teknolojia na mahali inapompeleka binadamu.

Majumba ya namna hii yanazidi kujengwa duniani. Berlin walifungua lao, Futurium, mwaka 2019. Dubai, ambako wengi wetu tuna ndugu na marafiki wanaotafuta riziki, Makumbusho ya Siku Zijazo yalifunguliwa Februari 2022, katika jengo la mviringo lenye tundu kubwa katikati, ambalo madirisha yake ni maandishi ya Kiarabu yaliyokatwa kwenye kuta. Mgeni anaingia kwenye lifti iliyoundwa mithili ya chombo cha angani, na mlango unapofunguka anaambiwa kwamba sasa ni mwaka 2071, naye yuko kwenye kituo kinachoizunguka dunia. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na ninaiheshimu. Ila mgeni anatoka akiwa ameona kesho iliyokwisha kupangwa na wengine. Hakuna aliyemwuliza yeye anaitaka kesho ya namna gani.

Ninachokiamini ni hiki: maonyesho ya kesho ya binadamu yanaweza kutengenezwa hapa katika kaunti ya Kajiado, na mahali pa kuyasimika kwanza ni Illasit.

Mtaniuliza, kwa nini Illasit na si Nairobi? Illasit ni mji wa mpakani. Ukivuka tu umeingia Tarakea, upande wa Rombo, Tanzania. Siku ya soko utamkuta Mmaasai na mbuzi wake, Mchaga na ndizi zake, Mkamba na Mkikuyu na bidhaa zao, malori yakipakia nyanya na vitunguu, na shilingi za nchi mbili zikibadilishwa mikono huku simu zikilia kwamba pesa zimeingia. Na juu ya pilikapilika zote hizo umesimama Kilimanjaro. Wataalamu waliupima mlima ule wakakuta kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007, asilimia 85 ya eneo la barafu yake ilitoweka. Mtu wa Illasit hahitaji kioo cha televisheni kuambiwa kwamba dunia inabadilika. Anatoka nje asubuhi, anainua macho, anaona. Watu wanaoishi na mabadiliko kwa karibu namna hii ndio wanaostahili kuulizwa habari za kesho, na ndio ambao ni nadra sana kuulizwa.

Sasa, maonyesho yoyote ya teknolojia lazima yaanzie mahali. Wengi huanza na kompyuta. Mimi ningeanza na jiwe, kwa sababu kaunti hii ina hazina ya mawe ambayo dunia nzima inaitamani.

Ukifuata barabara ya Magadi kutoka Nairobi, kiasi cha kilomita 70 hivi, unafika Olorgesailie. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walipafanyia kazi kuanzia mwaka 1942, na walipoyakuta mashoka ya mawe yamelala juu ya ardhi kwa mamia, waliamua jambo la busara ambalo mpaka leo nawashukuru kwalo: mengi waliyaacha palepale. Baadaye pakajengwa daraja la mbao juu yake. Mgeni anatembea juu ya daraja, anainamisha kichwa, na chini ya miguu yake anaona mashoka hayo, moja juu ya jingine, yamelala kama yalivyotupwa na waliokuwa wakiyatumia mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Hakuna umeme, hakuna skrini, na bado mtu anajikuta amesimama katikati ya historia yake. Maonyesho ya kumzunguka mtu yanayotafutwa kwa mabilioni Dubai, sisi tunayo Kajiado tangu zamani.

Tulitazame shoka moja kwa karibu. Ni jiwe la volkano, zito, linaujaza mkono. Upande mmoja umechongoka, upande wa pili ni mpana wa kushikia. Aliyelitengeneza alichukua jiwe jingine gumu, akaligonga hili pembeni, kipande chembamba kikaruka. Akaligeuza, akagonga upande wa pili. Akaendelea hivyo, mara huku mara kule, mpaka ukingo wote ukawa makali. Kwa kazi hiyo ilimbidi aone ndani ya jiwe umbo ambalo bado halijatokea. Hapohapo Olorgesailie yamepatikana mabaki ya tembo wa kale, wa karibu miaka milioni moja, pamoja na zana za mawe zilizotumiwa kumchuna.

Na hapa ndipo hadithi inaponoga, wasikilizaji. Mashoka hayo yalitengenezwa Olorgesailie kuanzia kama miaka milioni 1.2 iliyopita hadi kama miaka laki tano iliyopita. Miaka laki saba, na umbo la chombo halikubadilika sana. Kisha likatokea jambo. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wale wa Smithsonian ya Marekani, ambao wamechimba hapo pamoja tangu 1985 wakiongozwa na Rick Potts, walitangaza mwaka 2018 waliyoyakuta katika tabaka za miaka 320,000 iliyopita. Shoka kubwa lilikuwa limetoweka. Mahali pake palikuwa na zana ndogo, zilizochongwa kwa uangalifu zaidi. Palikuwa na mawe ya rangi, meusi na mekundu, yaliyokwaruzwa ili kupata unga wake. Na palikuwa na obsidiani, jiwe jeusi la volkano lenye makali kupindukia, ambalo halipatikani hapo. Lilitoka mbali, kati ya kilomita 25 na 90 hivi, katika nchi ya milima na mabonde.

Kitu gani kilikuwa kimetokea? Nchi ilikuwa imeacha kuaminika. Ardhi ilipasuka na kubadilika, maji yalijaa na kukauka, nyasi na wanyama wakubwa waliozoeleka wakapungua. Watafiti hao wanaeleza kwamba katika hali hiyo ya mashaka, binadamu walitengeneza zana mpya na pia wakaanza kutegemeana na watu wa mbali. Obsidiani haikutembea yenyewe. Ilipita mikononi mwa watu waliojuana, au waliokubali kujuana. Na ile rangi huenda ilikuwa ya kujitambulisha, mtu aseme mimi ni wa akina fulani.

Hilo ndilo fundisho ambalo ningelifanya uti wa mgongo wa maonyesho yote: nchi ilipogeuka, binadamu alivuka kwa chombo na kwa uhusiano, viwili hivyo pamoja. Na wenyeji wa Kajiado hawana haja ya kulisoma vitabuni. Wamaasai wana osotua. Mtu akipatwa na ukame, akabaki na zizi tupu, anakwenda kwa mwenzake wa osotua, anaomba, na mwenzake akiwa na uwezo anampa, wala hakuna daftari la deni. Ni bima iliyokuwapo kabla ya kampuni ya bima. Kwa hiyo kila teknolojia inayoingia katika maonyesho haya tuipime kwa kipimo hicho kimoja: inawafunga watu pamoja, au inawakata? Na uamuzi inauacha mikononi mwa nani?

Sasa tuyapange maonyesho yenyewe. Ningetumia makontena makuukuu yaliyounganishwa, na turubai nzito za kuzuia mwanga, karibu na soko, ili mtu aliyekuja kuuza kitunguu aweze kuingia na kutoka kabla gari lake halijajaa. Waingie watu kumi na wawili kwa zamu, wakae kama dakika arubaini. Na sheria ya ubunifu iwe moja: hakuna chumba ambacho mgeni anapita bila mikono yake kufanya kazi.

Chumba cha kwanza ni cha jiwe. Sakafu iwe ya vioo imara, chini yake nakala za mashoka ya Olorgesailie, na giza pande zote isipokuwa mwanga unaotoka chini. Kila mtu apewe miwani ya kinga na mawe mawili, aambiwe agonge. Wengi watashindwa kutoa makali. Na hapo ndipo watakapomheshimu aliyeweza.

Chumba cha pili ni boma usiku. Hapa ningesimulia kisa cha Richard Turere, kijana wa Kimaasai wa upande wa Kitengela, ambako nyumba yao ilipakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi na simba walikuwa wakiingia kuua ng'ombe. Akiwa mtoto, alijaribu moto, kumbe unawamulikia simba. Akajaribu sanamu la kutishia, simba wakalizoea. Usiku mmoja akazunguka zizi akiwa na tochi, simba hawakuja, akatambua kwamba wanauogopa mwanga unaotembea. Alikuwa amekwisha kujifunza mambo ya umeme kwa kuifungua redio mpya ya mama yake, jambo ambalo lilimkasirisha mama sana. Akatafuta betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya jua, kile kisanduku cha pikipiki kinachowasha na kuzima taa za kukatia kona, na balbu za tochi zilizovunjika. Akaziunganisha, taa zikawa zinawaka na kuzima kwa zamu kuzunguka zizi, kana kwamba kuna mtu anazunguka na tochi. Alikuwa na miaka 11. Mwaka 2013 alisimama California, katika kongamano la TED, akiueleza ulimwengu.

Ndani ya chumba hiki mgeni asikie ng'ombe wakihema, asikie mngurumo wa simba kwa mbali, kisha kwa karibu, huku meza mbele yake ikiwa na betri, nyaya na balbu. Wote kumi na wawili wafanye kazi kwa pamoja kuziwasha kabla simba hajafika. Na taa zikishawaka, ukuta uwaonyeshe Loonkiito, simba dume wa miaka 19, mmoja wa simba wazee zaidi waliojulikana, aliyeuawa na wafugaji Olkelunyiet, kaunti hiihii, Mei 2023, baada ya kuingilia mifugo. Simba wengine kadhaa waliuawa siku hizohizo. Kwa hiyo taa ndogo ya mtoto wa Kitengela inamwokoa ng'ombe, na inamwokoa simba pia. Hiyo ndiyo teknolojia yenye kufunga pamoja, si yenye kukata.

Chumba cha tatu kiwe malisho. Mgeni anapanda ngazi, anatazama chini, anaona ardhi ya Kajiado kama setilaiti inavyoiona, kijani na kahawia. Tangu mwaka 2010, kuanzia Marsabit, Kenya imekuwa na bima ya mifugo inayotumia jicho hilo. Setilaiti inapima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji analipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Ni wazo zuri, limewasaidia watu kununua majani na maji kabla wanyama hawajafa. Lakini ngoja mgeni ashuke ngazi. Chini ayashike yale majani kwa mkono wake. Kumbe sehemu ya ule ukijani ni vichaka ambavyo ng'ombe havigusi. Kutoka juu malisho ni mazuri, kutoka chini ng'ombe wana njaa. Hapa pawe na sauti ya mzee wa Kimaasai akieleza anavyoyasoma malisho, na sauti ya mtaalamu wa setilaiti akieleza anavyoyasoma yeye. Mgeni aulizwe: ungekuwa wewe unayeandika mkataba wa bima, jicho la nani lingehesabika? Mimi nasema yote mawili, na yawe mezani tangu siku ya kwanza ya kuandikwa kwa mkataba.

Chumba cha nne ndicho kigumu. Kwenye mlango wa kuingilia, kabla ya yote, kila mgeni atakuwa ameombwa alama ya kidole gumba kwenye karatasi, apewe kifurushi kidogo cha sukari. Tangazo litakuwapo pale mezani, likieleza karatasi hiyo ni ya nini, kwa herufi ndogo kama zile za kwenye simu. Hatutamdanganya mtu. Wengi hawatalisoma. Sasa katika chumba hiki wanaikuta alama yao imetundikwa ukutani, chini ya taa, na bei imeandikwa.

Jambo kama hili lilitupata kweli. Julai 2023, Wakenya kwa maelfu walipanga foleni Nairobi, katika jumba la mikutano la KICC na kwingineko, wapigwe picha ya mboni ya jicho na kifaa cha mradi wa Worldcoin, wapewe sarafu za mtandaoni zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha shughuli hiyo, watu wapatao 350,000 wakiwa wamekwisha kujiandikisha. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe, kwa kuwa ridhaa haikupatikana kwa njia halali. Siwalaumu waliopanga foleni. Shilingi 7,000 ni unga, ni karo. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye njaa akiombwa jicho lake, ile haijawa ridhaa.

Na upande wa pili wa chumba hicho pawekwe kiti, meza na kompyuta. Mwaka 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walisoma na kuchambua maandishi ya ukatili na uchafu usioelezeka ili ChatGPT ifunzwe kuyaepuka, kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa. Mgeni akae pale dakika tatu, achague neno hili linafaa, hili halifai, saa ikihesabu na ujira ukionekana. Tukisema mashine ina akili, tukumbuke kwamba nyuma ya akili hiyo kuna kijana wa Kikenya aliyekosa usingizi.

Kisha mgeni atoke, na nje ya mlango wa mwisho akabidhiwe karatasi yake yenye alama ya kidole. Aichane, aende nayo, aichome, ni yake. Isibaki hata moja. Na mbele yake asikute duka la kumbukumbu. Akute viti chini ya kivuli, chai, wazee na vijana, na swali moja kwa siku: tunaruhusu nini kiingie kijijini, na kwa masharti gani? Baraza hilo ndilo chumba cha tano, na kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote.

Kuna atakayesema Kajiado inahitaji maji, haihitaji maonyesho. Kweli, maji kwanza. Lakini mikataba ya maji, ya ardhi, ya bima na ya mitandao inawafikia watu wa Illasit sasa hivi, na wanatia saini. Anayetia saini bila kuelewa atapoteza hata hayo maji. Wanuri Kahiu, mtengenezaji filamu wetu, alituonyesha kesho iliyopoteza maji katika filamu fupi ya Pumzi ya mwaka 2009: dunia baada ya vita vya maji, watu wamefungiwa ndani, kila tone la jasho linakusanywa, na binti mmoja anayetunza makumbusho anathubutu kutoka nje na mche wake. Aliyetupa picha hiyo ni Mkenya. Hatuna upungufu wa fikra.

Wala hatuna upungufu wa mafundi. Kitengela kuna mafundi wa vioo wanaoyeyusha vioo vikuukuu na kuvifinyanga upya. Hao watupe mwanga na rangi. Mafundi wa jua kali wachomelee makontena. Umeme utoke kwenye paneli za jua na betri, kwa sababu maonyesho yanayozimika stima zikipotea yamekwisha kuanguka mtihani wake mwenyewe. Maelezo yasikike kwa Kimaa na Kiswahili, maana mzee asiyesoma ana haki sawa na mwanafunzi. Na kitu chochote cha kimila kisiingizwe humo kabla wenye mila hawajakaa, wakazungumza na kukubali.

Kwa hiyo ninayo maombi. Walimu wa Kajiado, wapelekeni watoto Olorgesailie muhula huu, wakalione lile daraja. Serikali ya kaunti na Makumbusho ya Taifa, kaeni na vijana wabunifu wa Kitengela na wazee wa Illasit, muanze hata na kontena moja na chumba kimoja. Wenzetu wa Tarakea waalikwe tangu mwanzo, maana mlima ni mmoja.

Na wewe msikilizaji, hulazimiki kuyangoja maonyesho. Mtu yeyote akikujia na kifaa akitaka jicho lako, kidole chako, sauti yako au ramani ya shamba lako, muulize: inakwenda wapi, nani atafaidika nayo, na nikitaka irudi nitaipataje? Akishindwa kukujibu, usimpe.